Ndita zimelala, mkono wa bei umepungua: sindano za paji la uso Kilimani

Nauza leso na vitenge Mtaa wa Biashara, na kwa kazi hii paji la uso ni mzani. Mteja akisema, "Nipunguzie mama, nikupe mia tano," sijibu kitu. Nyusi zinapanda, ndita zinajipanga, na yeye mwenyewe anaongeza mia. Nimefanya hivyo tangu ujana, na nilipokaribia hamsini mistari ilikuwa imeshazoea kukaa, hata nikiwa nimetulia nakunywa chai. Wateja wakaanza kuniuliza kama nimeudhika. Sijaudhika jamani, nahesabu mita tu.

Ndipo nikaenda kuchomwa sindano ya kulegeza misuli, hii ambayo watu wote wanaiita Botox hata ikiwa ya kampuni nyingine. Jina la kliniki siliweki. Iko Kilimani, Nairobi, na siku hizi kazi hii inafanywa kila kona ya Kilimani, Westlands na Parklands, kwa hiyo bora niseme walichonifanyia ili mwenye nia ajue la kuuliza.

Kilichonipendeza kwanza ni kwamba daktari hakushika sindano upesi. Nilikuwa nimeshatafuta jina lake kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, ile ya mtandaoni, nikamkuta. Alinikalisha mbele ya dirisha akaanza kuniamrisha: inua nyusi, kunja uso, fumba macho kwa nguvu, cheka. Kisha akaweka kidole juu ya nyusi yangu akaizuia, akaniambia nifumbue macho bila kuinua paji. Alikuwa anatazama kama kope zangu ni nzito. Kuna watu, alisema, ambao kutwa nzima wanashikilia kope kwa msuli wa paji bila kujua. Ukiulegeza msuli huo wote, macho yanafunikwa na wanarudi wakilia kwamba wanaonekana wana usingizi.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mapaji mengine ninayoyaona kwenye harusi yanatisha. Msuli wa paji ndio pekee unaovuta nyusi kwenda juu. Ile midogo iliyo katikati ya nyusi, inayotukunja uso, inazivuta kwenda chini. Ukidunga paji peke yake na kuiacha ile ya katikati, wavutao chini wanabaki bila mpinzani na nyusi zinashuka. Ndiyo maana kipimo kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa mistari ya paji kinakwenda pamoja na cha katikati ya nyusi, yuniti 20 kwa 20. Mimi nina komwe, paji refu la ukoo wetu wa Mombasa, na daktari alipenda nibaki na uhai kidogo huko juu. Akanipa 20 katikati na 10 juu, akizitawanya mbali na nyusi. Ukisikia mtu anakutajia bei ya "paji" bila kukutajia yuniti, muulize. Tena yuniti za Botox na za Dysport, dawa kama hiyo ya kampuni nyingine, hazilingani, usije ukadhani mwenye nambari kubwa ndiye mkarimu.

Nilimuuliza ni nani aliyewaza kumdunga binadamu sumu usoni, maana hii inatoka kwa bakteria wale wa chakula cha mkebe kilichoharibika. Alicheka, akasema ni madaktari wa macho. Alan Scott wa San Francisco alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kupasua, na mwaka 1989 dawa ikakubaliwa Marekani kwa makengeza na kope zinazojifunga zenyewe. Kule Vancouver, Jean Carruthers akaona wagonjwa wake wa kope wanapotelewa na ndita. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi, na mwaka 1992 wakachapisha waliyoyaona. Inachofanya ni kuzuia neva isimwage ile kemikali inayouambia msuli ujikaze. Ngozi haiguswi. Msuli ukikosa amri, ngozi iliyo juu yake inapumzika.

Kichupa kilitolewa kwenye friji mbele yangu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara: nilikishika, nikasoma lebo na tarehe ya mwisho. Kilikuwa kitupu! Nikamtazama daktari kwa jicho la "mimi si wa kuuziwa hewa". Akanionyesha kwenye mwanga, chini kabisa kuna utando mwembamba wa dawa iliyokaushwa, ukipepesa jicho huuoni. Alipochoma mfuniko kwa sindano ya maji ya chumvi, maji yalivutwa ndani yenyewe bila yeye kusukuma. Akasema yasipovutwa kichupa kinatupwa, kwa sababu maana yake hewa imeshaingia. Dada zangu mnaochomewa saluni na mtu aliyekuja na bomba limeshajazwa kwenye mkoba, hicho ndicho mnachokikosa kukiona.

Maumivu ni madogo. Barafu, alama za kalamu nyeupe, kisha michomo mifupi. Karibu na nyusi jicho moja lilitoa chozi bila ruhusa yangu. Vivimbe vilivyotokea vilikuwa vimeshuka kabla sijamaliza kulipa kwa M-Pesa: shilingi 38,000, risiti imeandikwa yuniti na nambari ya kichupa.

Jambo ambalo hawakulifikiria mpaka nilipouliza ni sala. Waliniambia nisilale, nisiiname na nisilisugue paji kwa muda wa saa nne hivi. Sasa sijida je? Daktari alinyamaza kidogo, halafu akasema kwa kweli, kwa mtu anayesali, miadi ipangwe baada ya Adhuhuri, Alasiri aiswali mwishomwisho wa wakati wake. Ndivyo nilivyofanya. Nairobi ina Waislamu wengi wenye pesa na mapaji. Swali hili lingekuwa kwenye fomu yao. Na mtandio niliuvaa kwa kulegeza siku hiyo.

Siku za mwanzo huoni chochote, na usipoambiwa utadhani umetapeliwa. Kwangu mimi katikati ya nyusi ndiko kulikotangulia kulainika, na ilipofika wiki ya pili kazi ilikuwa imekamilika. Mistari myembamba imekwenda yote. Ule mmoja mzito wa katikati haukufutika. Umebaki ufito hafifu ninaouona nikisogea kwenye kioo, na daktari alikuwa ameshanionya kuwa mstari uliokwisha kuchongeka hauondoki wote kwa sindano hii. Ngozi inang'aa zaidi kwa kuwa imenyooka, kwa hiyo poda naongeza.

Kasoro ilikuwa kwenye nyusi. Ncha za nje zilipanda, nikawa kama jini wa kwenye katuni, kwa sababu katikati msuli umelala na pembeni bado unavuta. Kijana mmoja alikuja kununua doti mbili za leso za mahari, akataja bei yake, akaniangalia usoni akadhani nimeshtuka, akapandisha mwenyewe. Ningependa kubaki hivyo, ila binti yangu hakunihurumia: "Mama, kila nikikuangalia najiuliza nimefanya nini." Nilirudi, nikawekewa tone dogo kila upande bila malipo, na baada ya siku chache zikashuka mahali pake. Wamelishughulikia bila kunizungusha.

Kilichonikera ni mapokezi. Nilikaa kwenye kochi muda mrefu kupita miadi, na msichana wa dawati alitumia muda huo kuninadia dripu ya kung'arisha ngozi. Mwanangu, nimekuja kwa ndita, rangi yangu sijailalamikia. Daktari mwenyewe aliniuliza mambo ya maana: mimba, kunyonyesha, ugonjwa wa udhaifu wa misuli, dawa ninazomeza. Dawati lijifunze kwake.

Dukani nimelazimika kubadilika. Paji bado linapanda kidogo, lakini halitishi mtu, na bei sasa naisema kwa mdomo, jambo linalochosha. Upande wa pili, hakuna tena anayeniuliza kilichoniudhi, na wateja wageni wanaingia bila kusitasita mlangoni.

Nawapa nyota nne. Dawa hudumu miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo anayetaka kukaa hivi mwaka mzima ahesabu zaidi ya shilingi laki moja, na hiyo kwangu ni mabunda kadhaa ya vitenge. Mimi nitairudia mara moja tu, kabla ya harusi ya mpwa wangu, na nitaomba ncha za nyusi ziguswe siku ileile ya kwanza.