Huduma ya kuhamisha nyuki darini: unalipia masega, si nyuki tu

Nimetumia huduma ya mfugaji anayehamisha nyuki majumbani hapa Morogoro, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyumba ni ya bati, dari ya jipsamu, na kundi lilikuwa limejificha juu ya chumba cha kona.

Ukaguzi wake ndio ulionishawishi. Alianzia nje, akatazama paa bila haraka. Nyuki walikuwa wakiingia na chavua miguuni, maana yake ndani kuna majana (watoto wa nyuki) wanaolishwa, kundi limeshahamia. (Wale wanaoning'inia kwenye tawi la mwembe huwa wapitaji, mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya siku moja mbili. Usimlipe mtu kwa hao.) Mlango wao ulikuwa pengo kati ya ukuta na fasha bodi (ubao wa ukingo wa paa), upana wa penseli tu, na chini yake ukuta ulikuwa na vidoa vya njano na kahawia, kinyesi chao. Usiku akaipapasa dari kwa kiganja. Nyuki hutunza sehemu ya majana kwenye nyuzi 34 hadi 35, kwa hiyo hapo jipsamu huwa na uvuguvugu. Mchana kipimo hicho hakifai, bati huchemsha dari nzima. Akagonga kidogo kwa kidole: muungurumo ukapanda, ukashuka. Ukisubiri mpaka uone doa la asali darini, umechelewa sana.

Kazi yenyewe hufanyika jua likishazama, nyuki wa nje wakiwa wamerudi. Kabla yake majirani waliarifiwa, na mbuzi waliofungwa kamba karibu wakahamishwa. Nyuki wakichafuka, mnyama asiyeweza kukimbia ndiye anayekufa. Alitumia taa nyekundu kwa kuwa rangi hiyo nyuki hawaioni. Alipuliza moshi kidogo, akakata jipsamu kipande kwa kipande, asali akaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Masega yenye majana aliyafunga kwa kamba ya katani kwenye viunzi vya mzinga vyenye upana wa milimita 32. Malkia alipokwisha kuingia mzingani ilijulikana mara moja: nyuki walijipanga mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa kuwaita wenzao. Mzinga ukaachwa palepale hadi usiku uliofuata, waliobaki nje wakakusanyika.

Wapuliza dawa ni rahisi zaidi, ila wanaua na kuondoka. Nyuki wakifa hakuna wa kupepea masega. Nta hulainika kwa joto la bati, asali inavuja darini, sisimizi na nondo wa nta wanajaa, na harufu iliyobaki huita kundi jingine. Asali hiyo yenye sumu hailiwi. Ile njia ya kuweka koni ya wavu mlangoni ili wakitoka wasirudi, nayo huchukua wiki kadhaa, na masega hubaki ndani, kwa hiyo mimi siipendekezi kwa dari.

Nyota niliyoipunguza ni ya umaliziaji. Alikwangua nta na kuosha mbao kwa maji ya sabuni, lakini kuziba pengo na kurudishia jipsamu havikuwa kwenye bei, na hilo lilisemwa kazi ikiwa imeshaisha. Ulizeni mapema: je, masega yote yanatoka? Nani anaziba, na kwa kutumia nini? Pengo la ukutani ni saruji, matundu ya hewa ni wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Lizibwe baada ya mzinga kuondolewa, la sivyo nyuki waliobaki watatafuta njia ya kutokea kwenye tundu la taa, chumbani.

Wakichafuka kabla fundi hajafika, ingieni ndani mfunge milango, na mkwangue miiba haraka kwa ukucha. Mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, inayowaita wengine wachome palepale. Zimamoto wanapatikana kwa 114. Bei kubaliana baada ya ukaguzi, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mpaka pengo lizibwe.