Impakti nne, skrubu zilezile: namba ya kwenye boksi inatuambia nini?

Mafundi wenzangu, habari za kazi. Hapa mezani nina impakti nne za betri, yaani mashine za kufunga skrubu na bolti kwa mapigo ya kuzungusha, mbao kavu, boksi la skrubu, na kipande cha chuma chenye nati iliyoshika kutu. Nimeviandaa kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mara: ipi ina nguvu zaidi? Na anayeuliza huwa ameshasoma namba kwenye boksi na kuamua nusu ya jibu.

Basi tuzisome. Hii ni Makita DTD152, mota yake ni ya kaboni, vile vipande vinavyosuguana kupeleka umeme ndani ya mota: nyutoni-mita 165, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Hii ni DTD153, haina kaboni: 170. Hii ndogo ni Milwaukee M12 FUEL, ya volti 12: 147. Na hii ni DTS141, impakti ya mafuta, nayo ni ya betri ila pigo lake linapita kwenye mafuta: 40. Umesikia vizuri, arobaini. Kwa namba hiyo, hii ya mafuta wengi wangeipita bila kuigusa.

Sasa tazama. Skrubu ya milimita 5, urefu milimita 80, sijatoboa tundu la kutangulia. Naanza na ya 170... imezama. Haya, ya 40... inakwenda, inakwenda, na kichwa kimelala sawa na ubao. Imechelewa kidogo, lakini kazi imekwisha. Na umesikia tofauti ya kelele? Hii ya kwanza inapiga kama nyundo juu ya chuma. Ya mafuta inanguruma tu.

Tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ndani ya impakti ya kawaida mota inazungusha giya, giya inazungusha mhimili, na juu ya mhimili kuna nyundo inayoshikiliwa na springi nzito. Kati ya nyundo na mhimili kuna gololi mbili zinazotembea kwenye mifereji yenye umbo la V. Skrubu ikiwa nyepesi vyote vinazunguka pamoja, kimya. Skrubu ikianza kukaza, nyundo inarudi nyuma, inaibana springi, kisha inachomoka na kulipiga fuawe, kile kipande kinachoshika biti, mara mbili kwa kila mzunguko. Pigo hilo ni la kuzungusha, si la kusukuma mbele kama la drili ya kutobolea zege. Ndiyo maana mkono wako haupindwi: drili ikikwama inakuvunja kiganja, impakti inapiga na wewe umetulia.

Kwenye ya mafuta, pigo linapita kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani. Kilele cha nguvu yake ni cha chini, ila linasukuma kwa muda mrefu zaidi. Namba ya boksi inapima kilele. Na kilele hicho kinapatikana kwenye bolti ya chuma iliyobana chuma, si kwenye ubao.

Halafu jiulize, skrubu hii ya milimita 5 inahitaji nini? Hii inakatika kabla hata ya kuifikia nyutoni-mita 40. Kwa hiyo mashine zote nne zina uwezo wa kuimaliza, na zote zina uwezo wa kuiharibu. Tukifika kwenye bolti mambo yanabadilika. Bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, ya daraja la ugumu la 8.8 hufungwa kwa takriban nyutoni-mita 45 hadi 50, na ya M12 inakwenda 80 na zaidi. Hapo ya mafuta inaishiwa pumzi na zile kubwa zinaanza kudai haki yao. Nati hii ya kutu, kwa mfano: ya mafuta imepiga, imepiga, nati haijali. DTD153... subiri... imeachia. Ile ndogo ya volti 12 nayo imeifungua, baada ya kuhangaika kidogo.

Sasa hizi mbili, 152 na 153. Namba zinasema 165 na 170, karibu mapacha. Ukiwa nazo mkononi si mapacha hata kidogo. Ya kaboni inazunguka mara 2,900 kwa dakika, isiyo na kaboni 3,400. Kwenye skrubu moja huoni kitu. Kwenye skrubu mia moja za sakafu ya mbao unaona, na betri inaona zaidi, kwa sababu kaboni zinasuguana na kula umeme njiani, umeme huo unageuka joto, na mwisho kaboni zenyewe zinaisha. Sisemi ya kaboni ni mbaya. Kwa mtu anayefunga rafu mbili kwa mwezi, itamzika. Lakini fundi wa kila siku asidanganyike na zile nyutoni-mita tano, tofauti yenyewe haiko pale.

Kitu ambacho ningeomba mkiangalie kuliko chapa ni betri. Mashine hizi tatu za volti 18 zinatumia betri za aina moja, ndiyo maana nimezichagua. Chukua DTD153 hiyohiyo. Hapa nimeweka betri ndogo ya ampea-saa 2, kipimo cha umeme inaoubeba: ndani ina seli tano zilizopangwa mstari mmoja, kila moja volti 3.6, jumla 18. Nafunga skrubu ndefu ya kichwa cha soketi, nene... sikiliza mapigo yanavyolegea mwishoni. Sasa ya ampea-saa 5. Hii ina seli kumi, mistari miwili sambamba, kila mstari unabeba nusu ya mzigo, kwa hiyo volti hazishuki sana mashine inapovuta umeme kwa nguvu. Skrubu ileile, ubao uleule... umesikia? Haikupumua. Anayelinganisha mashine mbili, moja na betri ndogo na nyingine na kubwa, analinganisha betri. Na yale maandishi ya volti 20 kwenye baadhi ya mashine yasikutishe: ni seli tano hizohizo, zimepimwa zikiwa zimejaa na hazina mzigo.

Biti nazo. Tumia biti za impakti, hizi zenye kiuno chembamba katikati. Kiuno kile kinajikunja kidogo kila pigo linapokuja na kuiokoa ncha. Na tafadhali, msalaba wa PH (Phillips) na msalaba wa PZ (Pozidriv) si kitu kimoja. PZ ina mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba. Ukichanganya, skrubu inaliwa kichwa halafu lawama zinakwenda kwa mashine. Ukiweka adapta ya soketi, jua pia kwamba inameza sehemu ya pigo. Usitarajie namba ya boksi ifike yote kwenye nati.

Udhibiti. Skrubu hizi fupi za bati zinakatika haraka sana chini ya impakti yenye nguvu, na hapa DTD153 inataka kidole chenye adabu, kwa sababu spidi yote iko kwenye kitufe. DeWalt DCF887 ina spidi tatu za kuchagua, na kwa kazi ya bati au bawaba za makabati mimi ningelipia hiyo kabla ya kulipia nyutoni-mita za ziada. Hata hivyo, bawaba ya skrubu ndogo kabisa nafunga kwa drili yenye klachi, inayoachia yenyewe skrubu ikikaza kwa kiwango ulichopanga. Impakti haina klachi.

Na masikio, jamani. Impakti za kawaida hupita desibeli 90 zikianza kupiga. Ukiwa chumbani, ukutani pembeni, kila siku, masikio hayarudi. Vaa kinga. Ndiyo sababu hasa ya ile ya mafuta kuwepo: kazi ya ndani, nyumba yenye watu, skrubu za kawaida.

Mimi nikienda kufunga makabati nachukua ile ndogo ya volti 12, inaingia ndani ya kabati na mkono hauchoki. Paa na sakafu, DTD153 na betri ya 5. Nyumba yenye mtoto aliyelala, ya mafuta. Kama una bolti nyingi za M12 na kuendelea, hakuna hata moja hapa inayokufaa kikamilifu. Hiyo ni kazi ya impakti ya soketi ya nusu inchi, na nitaileta mezani siku yake.