Shilingi 40 na Kufuli la Mlango wa Tatu

Nimekuwa mteja wa choo hiki cha kulipia kwa muda unaokaribia miaka miwili, na kama ningeandika tathmini hii kabla ya asubuhi ile niliyokwenda na babangu, ningekisifu bila kusita. Kiko kando ya steji ya matatu humu kisiwani Mombasa. Sitataja ni steji gani wala nani anayekimiliki, kwa kuwa sitaki kumharibia mtu riziki yake. Nataka tu lililotufika lijulikane, kwani tangu siku hiyo sipiti pale bila moyo kunienda mbio.

Nianze na haki yake. Upande wa wanawake ni safi kuliko choo chochote cha kulipia nilichowahi kuingia mjini. Maji hayakatiki, kopo lipo, komeo la mlango linafunga, na nyuma ya kila mlango pamepigiliwa msumari wa kutundikia mkoba. Mwanamke aliyewahi kuingia choo cha steji akiwa katika siku zake, buibui amelikunja na kulibana kwa kidevu, mkoba ameushika kwa meno kwa sababu sakafu haifai kuwekewa kitu, anajua msumari huo mmoja una thamani gani. Mhudumu wa upande huo ni mama wa makamo ambaye huingia na ufagio kila baada ya watu wachache, na hana maneno na mtu. Kwa sababu yake nimeacha ile tabia ya kushinda bila kunywa maji kila ninapojua nina safari ya mjini.

Tena mimi ni miongoni mwa wanaotaka vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, na sikuanza jana. Kuna ukumbi mmoja wa harusi ambao vyoo vyake vyote vinafungukia ujia mmoja wenye masinki, na milango yake imekatwa chini kiasi cha mtu wa nje kuiona miguu ya aliye ndani. Nilitoka mle nikakuta wanaume watatu wananawa mikono, nami ushungi bado nimeushika mkononi. Hawakunifanyia baya lolote, walinipisha kwa adabu, lakini nilirudi ukumbini nimefadhaika na sikuingia tena mle mpaka harusi ikaisha. Kwa hiyo kila mjadala huu unapozuka nyumbani kwetu, kwamba je, vyoo vya umma vitenganishwe au viwe vya watu wote, mimi husema vitenganishwe, na husema kwa sauti ya juu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ambayo ilikuwa wiki kadhaa zilizopita, kabla mvua hazijaanza. Babangu alipatwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto umelegea. Anatembea kwa mkongojo, polepole, na kila mwezi nampeleka kliniki. Kaka yangu, ambaye ndiye angestahili kumsaidia mambo ya msalani, yuko Bara Arabu kikazi. Baba huvaa kanzu, na ndani yake kikoi, na mkono mmoja haushiki mkongojo, kanzu na kikoi kwa pamoja. Msaada anaouhitaji ni mdogo mno: nimshike bega asianguke, nimpandishie kanzu, kisha nigeuze uso. Tumekwisha kuuzoea utaratibu huo sisi wawili, na hatuuzungumzi.

Tuliteremka matatu akaniambia amebanwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, choo kizuri kiko hapa karibu. Hayo maneno niliyasema mimi mwenyewe. Kijana anayekusanya pesa langoni alitutoza shilingi 20 kila mmoja, akazipokea 40 zangu, kisha ndipo akainua mkono kunizuia.

“Mama, wewe unapita kule. Mzee anapita huku.”

Nikamweleza hali. Akasema huku ni kwa wanaume tu, na wamo wanaume ndani wamesimama. Nilichungulia hatua moja nikaona kweli, wamesimama kwenye mfereji wa ukutani, na mimi mwenyewe sikutaka kuingia. Nikamwomba basi amshike yeye, dakika mbili tu. Akanijibu kwamba kazi yake ni kukusanya pesa na kuangalia meza yake ya soda. Nikamgeukia yule mama wa upande wa pili, naye akanijibu kwa upole: “Mwanangu, mimi ningekubali, lakini wamo wanawake humo ndani, wengine wamevua mabuibui yao.” Nikanyamaza, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo mimi ningemwambia mwenzangu.

Mpaka hapo sikuwa na hasira na mtu. Nakiri hivyo, na ndiyo maana kwa siku mbili tatu baadaye nilidhani nitaandika tu kwamba huduma ni nzuri isipokuwa kwa mwenye mgonjwa.

Lakini pana mlango wa tatu. Uko katikati, baina ya pande hizo mbili, ni mpana, na umechorwa alama ya kiti cha magurudumu. Hauna picha ya mwanamume wala ya mwanamke. Nimeupita mara nyingi bila kuutazama, kama mtu anavyopita mlango usiomhusu. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nikamwomba kijana aufungue. Akasema ufunguo anao bosi, na bosi huja Ijumaa.

Baba alikuwa ameegemea ukuta. Hakusema kitu, ila nilimwona akibadilisha mguu, akishusha pumzi, akitazama chini. Nikawa namsihi yule kijana kwa kila neno la heshima ninalolijua, nikamwita mdogo wangu, nikamwambia huyu ni kama babako. Wakati huo akaja kondakta mmoja akataka soda baridi mbili, na kwenye ndoo ya barafu hazikuwamo. Yule kijana akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa tatu na kulifungua lile kufuli. Niliona ndani kwa macho yangu. Nilikiona choo cha kukalia, nikakiona chuma cha kushikilia kilichopigiliwa ukutani, nikaiona sinki ndogo. Juu ya choo na mbele yake zilikuwa zimepangwa kreti za soda mpaka kiunoni mwa mtu. Akatoa chupa mbili, akafunga, akarudisha ufunguo mfukoni, akamhesabia kondakta chenji yake.

Nilipogeuka, baba alikuwa ameshindwa kujizuia.

Mwanamume huyu alifanya kazi bandarini miaka 30, na sijapata kumwona nje ya nyumba akiwa na doa kwenye kanzu. Nilimfunga leso yangu kiunoni ili kuficha, akakubali bila kunitazama, akasema maneno mawili tu: “Twende nyumbani.” Kliniki hatukwenda. Yule mama wa upande wa wanawake alikuja mbio na ndoo ya maji na kitambaa, akampangusa miguu na viatu pale pale, mbele ya watu, akimwita baba. Yeye nampa nyota zote zilizoko mbinguni. Yule kijana alisimama akitutazama, shilingi 40 zetu hakuzirudisha, na wala sikuziomba.

Tangu hapo nimekuwa nikiufikiria upya mjadala ambao nilidhani nimeumaliza. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua, Aprili 2025, kwamba mwanamke katika sheria yao ya usawa ni mwanamke wa kuzaliwa, ubishi ulifika mpaka sebuleni kwa shangazi yangu, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema kwamba hata wao wamerudi kwenye yale tuliyoyajua sisi. Nilitaja pia kanuni zao za ujenzi, ambazo tangu Oktoba 2024 zinataka majengo mapya ya England yasiyo ya makazi yawe na vyoo vya wanaume na vya wanawake mbalimbali. Nilichokuwa sikukisema, kwa sababu hakikunifaa katika ubishi, ni kwamba kanuni hizohizo zinaruhusu viongezwe vyumba vya mtu mmoja mmoja, vyenye kuta kamili, mlango wake na sinki yake humo ndani, ambavyo yeyote anaweza kuvitumia. Na nafasi ikiwa finyu mno, vyumba hivyo vinaweza kuwekwa badala ya vile vilivyotenganishwa. Chumba cha namna hiyo ndicho nilichokiona nyuma ya lile kufuli, na ndani yake mlikuwa na kreti za soda.

Wala si kitu cha kigeni kwetu. Nyumba ya Kiswahili niliyolelewa Majengo ilikuwa na ujia katikati, vyumba huku na huku, na uani choo kimoja kwa wapangaji wote, wanaume kwa wanawake. Mtu alikohoa kabla ya kusukuma mlango, aliye ndani akajibu kwa kukohoa, na komeo likamaliza kazi. Hatukuona fedheha, kwa sababu aliingia mmoja, mlango ulifika chini, na ujia ulikuwa wa watu wanaojuana. Ukumbi ule wa harusi ulinifadhaisha kwa sababu haukuwa na hata kimoja katika vitatu hivyo. Nilikuwa nimevichanganya pamoja, choo cha wengi kwa wakati mmoja na choo cha mmoja kwa wakati wake, nikavipinga vyote kwa neno moja.

Na si baba peke yake ninayemfikiria. Sensa ya 2019 ilihesabu humu nchini watu 1,524 wenye jinsia mbili, ambao wazee wetu waliwaita huntha, na vitabu vya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, vimewawekea mlango wao katika mirathi tangu zamani za kale. Kwa hiyo hatuwezi kujifanya kwamba hatukujua wapo. Yule kijana wa langoni angewaelekeza upande gani? Baba aliyetoka na binti yake wa miaka saba, mama yao hayupo, angempeleka wapi? Mume anayemsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu je? Hawa wote mlango wao ni ule wa katikati. Ukifunguliwa, upande wa wanawake unabaki wa wanawake kama ninavyoupenda, na hakuna mwanamke anayelazimika kujifunika haraka kwa sababu yangu na babangu.

Nimeulizwa na jamaa kwa nini nisiwe na subira na kijana anayefanya kazi ya kibarua. Kuna saa nakubaliana nao. Kuamua nani aingie wapi hakukuwa kosa lake. Alishika amri, na ni amri ninayoitetea mimi. Pengine hata kreti hakuziweka yeye. Halafu naukumbuka ule mkono ukiingia mfukoni kutafuta ufunguo ambao bosi ndiye aliyekuwa nao mpaka Ijumaa, na huruma yote inanitoka. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Aliyekijenga choo hiki bila shaka alijua jambo hilo, kwani alipanua mlango, akapigilia chuma, akachora alama. Gharama yote ilikwisha kulipwa. Kilichobaki ni kuzitoa kreti.

Nilikusudia kutoa nyota tatu: tano za upande wa wanawake, moja ya langoni, nigawanye. Sasa ninapoandika nimeshusha mpaka moja, na hiyo moja ni ya yule mama na ndoo yake. Dada zangu wanaopita pale peke yao nawaambia waingie bila hofu, ni choo kizuri. Mwenye mzee, mwenye mgonjwa, mwenye mtoto asiye wa jinsia yake, asipoteze dakika zake hapo, aulize kwanza kama kufuli limetolewa.

Kwa mwenye choo, ikiwa maneno haya yatamfikia: ufunguo ukae kwenye msumari mahali ambapo wahudumu wote wawili wanaufikia, na soda zihamishiwe chini ya meza. Mimi hupita hapo mara mbili kwa wiki, na siku nitakapoukuta mlango wa katikati uko wazi nitaibadilisha tathmini hii siku hiyo hiyo. Juzi nilipopita, kufuli lilikuwa bado lipo. Kliniki ya baba imepangwa tena mwezi ujao, naye ameshaniambia kwamba asubuhi hiyo hatakunywa chai.