Kulala Matema: mdomoni mwa mto au chini ya milima?

Ukisafiri kwa mtumbwi hadi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mdomo wa mto unauona mapema: matete, mchanga tambarare, nafasi tele ya hema. Lakini matete hayo ndiyo maficho ya mamba na viboko, na mvua ikinyesha juu milimani Rungwe, maji hupanda usiku hata kama ulipolala ni pakavu. Mimi silali hapo.

Kuelekea kijiji cha Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, Milima ya Livingstone inashuka hadi majini na pa kutia nanga ni pachache. Tafuta mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Wavuvi hawaachi vyombo vyao mahali pabaya. Piga hema juu ya mstari wa takataka ulioachwa na mawimbi, maana mwera, upepo wa kusini-mashariki, ukivuma ziwa huchafuka. Na uombe ruhusa kijijini kabla ya giza.