Magurudumu niliyosukiwa Wete: nilichochagua na kwa nini

Mwezi wa tisa sasa baskeli yangu inatembelea magurudumu niliyoyanunua vipande vipande: habu (kile kitovu cha katikati ya gurudumu) mbali, ringi mbali, spoki na nati zake mbali, halafu fundi wa hapa Wete akayasuka. Wakati natafuta ushauri, karibu kila nilichokisoma kilikuwa kinahesabu gramu. Mimi naishi Pemba. Kinachonisumbua ni hewa ya chumvi, na kwamba kitu kikikatika leo, cha kubadilisha kinasubiri boti ya kutoka Unguja, tena kama Unguja nako kipo.

Magurudumu yangu ya mwanzo yalikuja yamesukwa tayari, mepesi, nati za spoki nyekundu za kupendeza, za alumini. Nyumba yangu haiko mbali na pwani. Ilipoingia masika ya pili, gurudumu la nyuma likaanza kulia tik, tik kila nikipanda mlima. Nikampelekea fundi. Akatia ufunguo wa spoki, akazungusha nusu mzunguko tu, nati ikapasuka mkononi mwake. Akaniwekea vipande kwenye kiganja: ndani mlijaa unga mweupe, kama chokaa ya ukutani.

"Maalim, ringi haina kosa," akaniambia. "Hizi nati zimeliwa."

Na kweli zimeliwa. Alumini ikigusana na chuma cha pua cha spoki na maji ya chumvi yakawa katikati, alumini ndiyo inayolika. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza haukunipa taabu: nati za shaba ya manjano, zote 64. Uzito ulioongezeka ni kama gramu 40 kwa magurudumu yote mawili. Chupa yangu ya maji ina zaidi ya hizo.

Spoki nilichukua za kampuni ya DT Swiss, aina ya Competition, za chuma cha pua, zenye unene wa milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Hapo zamani nilidhani spoki nene mwanzo mpaka mwisho ndiyo madhubuti. Sivyo. Spoki nyingi hukatika kwenye kona, pale inapoingia kwenye habu, kwa sababu ya kukazwa na kulegezwa mara elfu kwa elfu gurudumu linapozunguka. Ile sehemu nyembamba ya katikati hunyumbuka kidogo, ikaipunguzia kona mzigo. Nikataka pia zenye kona, si zile zilizonyooka, kwa kuwa zilizonyooka zinadai habu ya aina yake, na siku ukihitaji moja Pemba hutaipata.

Kwenye urefu ndiko nilikoumia. Muuzaji wa mtandaoni alinihesabia mwenyewe, na mzigo ulipofika spoki zilikuwa ndefu kwa milimita 3. Huenda ukaona milimita 3 si kitu. Fundi alizijaribu nne, nati ikafika mwisho wa hesi na spoki bado inalegea. Akakataa kuzikata, na alifanya vizuri. Fedha haikurudi. Mara ya pili nikapima mwenyewe: nikachukua spoki mbili chakavu, nikazikata milimita 250 kila moja kutoka ncha ya hesi, nikazifunga na nati kwenye matundu mawili ya ringi yanayotazamana, nikapima nafasi iliyobaki kati yao. Ukijumlisha 500 na nafasi hiyo ndipo unapata kipenyo cha kuhesabia urefu wa spoki. Nilirudia sehemu nne za ringi. Namba hizo, pamoja na vipimo vya habu, nikazitia kwenye kikokotoo cha DT Swiss kilichomo kwenye tovuti yao, na spoki zikaja sawasawa. Yeyote anayetaka kusukiwa magurudumu, nakuomba, ringi na habu ziwe mkononi mwako kwanza, spoki ziagizwe mwisho.

Habu niliifikiria muda mrefu kuliko vyote. Rafiki yangu aliye Uingereza alinisihi nichukue DT Swiss 350, na ni habu nzuri, unaifungua bila ya chombo chochote. Lakini hiyo inatumia beringi za kupachika, zile zinazokuja zimefungwa, na ikichakaa unabadilisha beringi nzima. Mimi nikachagua Shimano Deore XT M756, ya gololi na koni, yaani gololi zimelala wazi na unaweza kuzibadilisha zenyewe, kwa sababu moja: gololi za nyuma ni za robo inchi, tisa kila upande, saizi ile ile ya baskeli za kubebea mikungu ya ndizi. Duka lolote la spea Wete au Chake Chake wanazo.

Ringi sitaisemea sana. DT Swiss XM 481, inchi 29, matundu 32, upana wa ndani milimita 30, na tairi yangu ni ya 2.35. Inakaa vizuri.

Kazi yenyewe fundi aliifanya kwa siku mbili, kila spoki ikikatiza nyengine tatu. Hana mashine ya kupimia mkazo. Baskeli ameipindua, chaki ameishikilia kwenye foki, na kila baada ya muda anazigusa spoki kwa kidole, moja baada ya moja, sikio limeelekea pale pale kama mpiga ganuni anayetengeneza nyuzi zake. Za upande wa kaseti, penye meno ya gia za nyuma, zinatoa sauti ya juu kuliko za kushoto, na ndivyo inavyotakiwa, maana upande ule spoki zimesimama zaidi na zinakazwa zaidi. Kisha akazibana mbili mbili kwa viganja, kwa nguvu, zikatoa mlio, akarudi kunyoosha tena. Nilimpa shilingi elfu 40, na naona ni kidogo.

Tangu hapo nimekwenda Konde na kurudi sijui mara ngapi, nimepita Msitu wa Ngezi wakati wa tope, nimefika Kigomasha kwenye mnara wa taa kwa njia ya mawe ambayo gari inaikwepa. Ringi ya nyuma imecheza mara moja tu, kiasi cha unene wa kucha.

Lawama zangu ni mbili. Habu hii ni ya ekseli ya kizamani, milimita 135 nyuma, kwa hiyo nikibadilisha fremu kwa ya kisasa haitaingia. Na gololi zinataka kuangaliwa: baada ya masika niliifungua, grisi imekuwa nyeusi na mchanga ndani yake. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikatia gololi mpya 18 na grisi. Jioni moja ilitosha.

Spoki za akiba, sita kwa kila urefu, zimo ndani ya kipande cha bomba nyuma ya mlango. Bado sijaitoa hata moja.