Uzoefu wangu na matembezi ya ndege Bagamoyo: uliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kuuliza bei

Huduma yenyewe ni matembezi ya nusu siku ya kutazama ndege wa pwani, kwenye mikoko na majaruba ya chumvi, yaani mabwawa mafupi yenye matuta ya kukaushia maji ya bahari, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Waongozaji ni kikundi kidogo cha vijana. Jina lao nalihifadhi, maana kasoro kubwa nitakayoieleza si yao peke yao. Utaikuta karibu kila panapouzwa matembezi ya aina hii. Nimetoka nao mara nne, zote Machi na Aprili, mbili kati ya hizo nikiwa na wanafunzi wa darasa la sita. Mtu mzima analipa shilingi 15,000, mwanafunzi mwenye sare halipi. Kwa hela hiyo unapata mwongozaji, darubini ya kuazima, na mwishoni saa nzima ya somo la mazingira kwa watoto. Maji ya kunywa na usafiri ni juu yako.

Waongozaji kazi wanaijua. Tatizo ni saa. Wanaanza kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na huo ni utaratibu wa msituni. Anayekwenda Amani, kule Muheza, kutafuta chozi na hondohondo, kweli lazima awe njiani alfajiri, kwa kuwa ndege wa msitu huimba na kula kabla joto halijapanda. Ndege wa pwani, anayekula kwenye tope la bahari, hafuati jua, anafuata maji: yakikupwa anashuka kula hata kama ni saa nane usiku, yakijaa anapanda kupumzika.

Hesabu yake wavuvi wanaijua bila karatasi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa kabisa saa nne au tano asubuhi. Juma moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka: yanajaa saa nne au tano asubuhi, lakini kwa unyonge. Bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Maji mafu ni kama mita moja tu.

Sasa chukua Jumamosi ya bamvua kwa ratiba yao. Unafika, maji yameshaanza kuondoka na ndege wanayafuata. Saa mbili wako mbali mbele yako, saa nne ni vijidoa vinavyotetemeka kwenye mvuke wa joto. Ukienda asubuhi ya maji mafu, saa zinalingana vizuri, ila maji hayafuniki tope lote, kwa hiyo ndege wengi hawana sababu ya kuhamia kwenye majaruba. Unapata kidogo, tena wametawanyika.

Safari inayolipa ni jioni ya bamvua. Fika majarubani saa tisa kasoro robo, kaa mpaka saa kumi na moja na nusu. Tope likifunikwa, makundi yanaingia moja baada ya jingine na kusimama kwenye maji mafupi, mengine hatua 60 kutoka kwenye tuta. Jua linakuwa magharibi. Simama tuta la magharibi ukitazama upande wa bahari, jua likupige mgongoni. Ukisimama upande wa pili kila ndege anakuwa kivuli cheusi, na huo ndio mwisho wa somo la rangi. Safari ya nne tulikwenda hivyo, waongozaji walewale, darubini zilezile, na orodha yetu ilikuwa ndefu zaidi ya mara mbili ya zile za asubuhi.

Kwa nini Machi na Aprili? Kwetu ni masika, kule kaskazini machipuko yanaanza, na ndege waliokaa huku tangu Agosti au Septemba wanajiandaa kurudi kuzaliana. Wanakula usiku na mchana kujaza mafuta, na wanabadilisha manyoya wakiwa mbele ya macho yetu. Hapa ndipo huduma hii inapostahili pesa yake. Kuna kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, kwa jina la kisayansi Calidris ferruginea, anayezaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Desemba ni kijivu mgongoni na mweupe tumboni, humjui na wenzake. Mwishoni mwa Machi kifuani yanatokea madoa ya rangi ya tofali, na kufikia katikati ya Aprili baadhi ni wekundu hadi tumboni. Katika kundi moja utaona hatua zote. Mwongozaji mmoja aliwapanga watoto wazitafute kwa mfuatano, kutoka kijivu tupu hadi mwekundu kamili, na sijaona njia nyepesi zaidi ya kumwonyesha mtoto kuhama kwa ndege.

Ndege mwingine wa tope, mkubwa kuliko huyo, ni Pluvialis squatarola: jicho jeusi kubwa, mdomo mfupi mnene, hukimbia hatua chache, husimama, hukimbia tena. Tumbo lake linageuka jeusi, kwanza kwa mabaka kama aliyemwagikiwa wino. Akiruka tazama kwapa: ni jeusi mwaka mzima, na hiyo ndiyo alama ya kumshika hata Novemba. Xenus cinereus utamjua kwa mdomo uliopinda kwenda juu na mbio zake za kichwa chini. Halafu kuna mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mzito mweusi. Huyu usimweke kwenye hadithi ya Siberia. Anazaliana kwenye fukwe za mchanga za Somalia na Uarabuni, anachimba shimo na kutaga humo yai moja jeupe, joto la mchanga likisaidia kuliatamia.

Kosa moja la maelezo lirekebishwe. Kwenye kila kundi wapo wanaobaki kijivu hadi Mei na Juni, na watoto waliambiwa hao ni wagonjwa walioachwa na wenzao. Wengi wao ni makinda ya mwaka jana. Umri wa kuzaliana haujafika, hivyo hawana haja ya safari. Suala hilo linagusa na kalenda. Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba, na kikundi hiki kinaweka tukio lake kubwa la shule Mei. Kwa pwani yetu Mei ni kuwapungia mkono waliokwisha ondoka. Shule ije mwishoni mwa Machi au nusu ya kwanza ya Aprili, na ya Oktoba ifanyike kama ilivyo, kuwapokea.

Vifaa: darubini tano za macho mawili za 8x42 (zinakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42), moja ya 10x50, na moja ya jicho moja inayokuza mara 20–60 yenye miguu mitatu. Achana na ile ya 10x50. Mkono wa mtoto unatetemeka, ukuzaji unakuza na mtetemo, na ni nzito. Chukua 8x42 uirekebishe hivi: kunja bawaba ya katikati mpaka miduara miwili iwe mmoja, funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione safi, funga la kushoto, zungusha pete ya diopta (ya kusawazisha tofauti ya macho mawili) iliyo kwenye tundu la kulia mpaka jicho la kulia lione safi, baada ya hapo unagusa gurudumu la kati tu. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho chini. Kinachoharibu mambo ni kupokezana: kila mtoto anaipata pete ile na kuizungusha, wa tatu haoni kitu, anasema "mimi sioni" na anarudisha. Tulitia nukta ya rangi ya kucha kwenye pete na nyingine kwenye mwili wa darubini, zikitazamana zikiwa kwenye sifuri. Mtoto anajua nukta zisiachane, mwalimu anakagua kwa jicho moja.

Darubini ya jicho moja usiipeleke 60 mchana. Mvuke wa joto unavuruga picha. Baki 20 hadi 25. Miguu yake ilizama topeni mara mbili, tukaiwekea vifuniko vya ndoo. Vioo vya mbili kati ya darubini zao vina mikwaruzo ya duara, dalili ya kupanguswa vikiwa vikavu na chembe za chumvi juu yake. Dawa ni kupuliza kwanza, kama haiingizi maji isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, iache ichuruzike, ndipo upanguse kwa pamba laini.

Somo la mwisho ni mchezo wa midomo: beseni la mchanga mbichi, watoto wanashika kijiko, kibanio cha nguo au vijiti viwili vya mishikaki na kuvuna "chakula" kwa dakika mbili. Wazo zuri, matayarisho mabaya. Maharage yote yalitupwa juu ya mchanga, mwenye kijiko akashinda raundi zote, watoto wakaondoka wakiamini kijiko ndio mdomo bora. Mchanga uwe na kina cha sentimita 10. Choroko mtawanye juu, maharage yazikwe sentimita 3, na vipande vya kamba mnene visimamishwe wima sentimita 8 chini, na faini kwa atakayefukua beseni. Hapo kila mdomo unashinda kwake, na mtoto anaelewa aina kumi zinavyokula tope moja bila kugombana.

Mambo madogo. Majaruba yana wenyewe. Kikundi kinaomba ruhusa kabla, ukienda peke yako omba na wewe. Baada ya mvua kubwa piga simu uulize kina cha maji: yakipita urefu wa miguu ya vitwitwi, sentimita chache tu, wanahama. Tembeeni msitari mmoja chini ya tuta, vichwa tu vionekane juu. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, simameni hapohapo. Wakiruka mmewachomea mafuta ya safari. Kundi kubwa lihesabu kwa kukadiria: hesabu kumi, shika ukubwa wa hao kumi kwa jicho, songeza kipande hicho mpaka mwisho wa kundi. Watoto wafanye wawili wawili, mmoja anatazama na kutaja, mwingine anaandika, wabadilishane kila jaruba. Andikeni idadi kwanza, jina baadaye, kwa sababu kundi halisubiri mtu anayefungua kitabu.

Choo hakuna. Viatu vya kufunga, si malapa. Magamba ya chaza yanakata.

Nyota nne kati ya tano kwa jioni ya bamvua. Kwa Jumamosi asubuhi nyota mbili, na hizo ni za waongozaji. Ukiwapigia, taja tarehe ya mwezi mwandamo na uombe saa tisa. Hawaongezi bei, ila wanataka kujua siku tatu kabla.