Mwalimu wa mbwa wa kuja nyumbani: Sh 280,000 zangu zimefanya nini

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo naanza na hesabu. Vipindi vinane vya saa moja moja, Sh 30,000 kila kimoja, ni Sh 240,000. Nauli yake Sh 5,000 kila alipokuja, Sh 40,000. Jumla Sh 280,000, bila kuhesabu maini na bodaboda mmoja nitakayemweleza baadaye. Risiti niliyopewa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imeandikwa "nimepokea", sahihi, basi. Jina la mwalimu silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Bosi, mbwa wangu, ni dume la miezi tisa, chotara. Mama yake Jamani Shepadi, baba yake hakuna anayemjua. Nilimchukua ana miezi mitano, na muda wote huo alikuwa bandani na ndugu zake, hajaona pikipiki, hajaona mwavuli, hajaona mtoto anayekimbia. Nilitaka mlinzi wa geti hapa Goba, Dar es Salaam. Nilichopata ni mbwa anayempenda kila mgeni kwa miguu yote miwili ya mbele na anayechukia kila chenye injini.

Ijumaa moja Neema, anayeshinda nyumbani na mama, aliacha geti wazi kidogo. Mzee Shaaban, jirani yetu, alikuwa anapita kwenda msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Bosi akamrukia, akamlamba mkono. Wanaojua fikihi ya Shafi wanajua maana yake: mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na mojawapo ni kwa udongo. Mzee alirudi nyumbani kuoga na kubadilisha nguo, hotuba ikampita. Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, huyu mfundishe au mfunge."

Kumfunga mnyororo mchana kutwa sikutaka. Kituo kimoja kilinitajia Sh 600,000 kwa mwezi, mbwa analala hukohuko. Mwenzangu wa kazini alishampeleka wake mahali pa namna hiyo. Alirudi anamtii mwalimu aliyebaki huko, yeye mwenye mbwa anaangaliwa tu. Ndiyo maana nikatafuta wa kuja nyumbani.

Siku ya kwanza hakumgusa Bosi. Aliomba kadi ya chanjo, akatazama tarehe ya sindano ya kichaa cha mbwa, akahesabu kwa vidole kama mwaka haujaisha. Hapo nikaanza kumheshimu. Kisha akamwamkia mama shikamoo, akaketi kwenye ngazi ya baraza, akauliza: "Mama, hapa nyumbani nani anashinda na huyu mbwa?"

"Mimi na Neema. Mwenyewe anaondoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi ninyi ndio wanafunzi wangu."

Akatutaka kila mmoja aseme anamwambiaje Bosi. Mimi nikitaka aweke matako chini nasema "kaa". Neema akipita na sufuria la moto anapiga kelele "kaa huko!" Mama akitaka asitoke barazani anasema "kaa hapohapo". Mpwa wangu wa kidato cha pili yeye ni Mwingereza, anasema "siti". Mwalimu alicheka mpaka akavua kofia. "Mmoja anataka aketi, mmoja anataka aondoke, mmoja anataka asisogee, na wote mnasema kaa. Hata mimi ningebweka."

Kwa kweli hicho ndicho kipindi kilichorudisha pesa yangu, na hakuna tulichomfundisha mbwa siku ile. Tulikaa saa nzima kugawana maneno. "Keti" ni kuweka matako chini. "Tuli" ni kutosogea. Hilo ni la mama, ndilo alilotulelea sisi. "Pisha" ni la Neema na sufuria lake. "Acha" ni kuachia kilichomo mdomoni. "Njoo" ni njoo, na ni marufuku kulitumia kumwita ili umgombeze au umwogeshe, maana siku ya pili hatakuja. "Kaa" tumelifuta kabisa; anayelisema mbele ya mbwa anatoa shilingi mia mbili kwenye kopo la maini. Hadi leo mchangiaji mkubwa ni mimi.

Kipindi cha pili ndipo tulipoanza kazi. Watu wa fani hii hutumia kidude cha plastiki chenye bati ndani, ukikibonyeza kinalia "tik". Chake kilipotea kwenye daladala. Akaniomba kalamu yangu ya kubonyeza. Mbwa akiketi, papo hapo tik, kisha kipande cha ini kisichozidi punje ya haragwe. Tik haibadiliki hata ukiwa umenuna, tena inamwonyesha hasa ni kitendo kipi kilichomletea ini. Ukichelewa, mbwa ameshasimama na kujikuna, basi umemlipa kwa kujikuna. Mama alitazama akasema, "Si ndiyo ule mkono mtupu haulambwi?" Mimi nikakumbuka Morogoro. Nilisoma Mzumbe, na mjini pale, kwenye chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA), ndipo shirika la APOPO wanapofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Njia ni hiyohiyo, mlio kisha ndizi. Magawa, panya aliyetoka pale akaenda kufanya kazi Kambodia na kugundua zaidi ya mabomu 100, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Kama panya anaweza hayo, nilijiambia, Bosi hana kisingizio. Hasara moja: nikiwa mezani nafunga hesabu za mwezi na kubonyeza kalamu, Bosi huyo mlangoni, ameketi, anasubiri ini. Siku hizi nyumbani natumia kalamu za kifuniko.

Dawa ya kuruka ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Akikurukia, mgeuzie mgongo, kunja mikono, usiseme neno. Miguu minne ikigusa chini, tik. Kumsukuma kwa mikono ni kumchezesha, na kumchapa jioni kwa kandambili aliyotafuna asubuhi ni bure, haunganishi. Mpwa wangu alijitolea kuwa mgeni. Aliingia na kutoka getini kama mara thelathini, mpaka mwenyewe akaomba naye apewe ini.

Sasa bodaboda. Mwalimu alikwenda kijiweni, akamwita kijana mmoja, akamweleza. Kijana akasema, "Yaani niendeshe mbele ya mbwa makusudi? Kaka, mimi nina watoto." Walikubaliana Sh 10,000, na mbwa awe kwenye kamba. Akawekwa mbali, kama hatua sitini, anakwenda na kurudi taratibu. Bosi masikio yamesimama lakini habweki: tik, ini. Hatua hamsini: tik, ini. Arobaini vilevile. Thelathini, akalipuka, kamba nusura inikate vidole. Mimi nilitaka kumkaripia. Mwalimu akaturudisha arobaini, akasema kosa ni letu, tumekwenda haraka kuliko yeye. Tulifanya hivyo vipindi vitatu, kijana yuleyule na pikipiki ileile, Sh 30,000 nyingine kwenye hesabu. Mwisho kijana akawa anapunguza mwendo getini na kupiga "tik" kwa ulimi.

Nina malalamiko. Anatokea Mbagala, na Mbagala hadi Goba jioni si safari ya kuahidiana saa. Tulipanga saa kumi, mara nne kati ya nane alifika saa kumi na moja, kipindi kikaishia giza likikaribia, na mbu. Kipindi cha sita nusu yake ilikwenda kuninadia chakula cha mbwa cha mfuko. Bosi anakula ugali wa dona, dagaa na utumbo, na manyoya yake yanang'aa. (Alilonifaa hapo ni kutuonya tusimpe mabaki yenye vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa.) Na siku moja alitoa kwenye begi mnyororo wa kukaba shingo. Kabla sijafungua mdomo mama akamwambia, "Baba, hicho rudisha." Alikirudisha, hakubisha, wala hakukitoa tena. Alianzia kazi kwenye kampuni ya ulinzi, na huko naona ndivyo walivyozoea. Ukimchukua, mwambie mapema kwamba hicho hukitaki.

Wanaotaka mbwa wa kung'ata wezi, huyu si mwalimu wenu, na mwenyewe atawaambia. Wenye mbwa asiye na adabu na nyumba yenye watu watano wanaosema lugha tano, mwiteni. Lakini dakika kumi asubuhi kabla ya chakula na kumi jioni, kila siku, ni zenu. Wiki niliyosafiri na Neema akaugua, Bosi alirudi nyuma waziwazi.

Ijumaa iliyopita Mzee Shaaban alipita na kanzu yake. Nilimwambia Bosi keti, nikamwambia tuli. Mzee alisimama upande wa pili wa barabara, akatazama muda mrefu, akasema, "Mashallah, ila nitaendelea kupita huku huku."

Lililobaki ni guta la taka. Bodaboda amezizoea, ila lile guta la Jumanne, na yale makopo yanavyogongana, bado linamtoa akili. Mwalimu anasema ni vipindi viwili zaidi. Nimemwambia elfu ishirini kwa kila kimoja, nauli juu yake, na risiti ya maana. Bado hajanijibu.